Mnunuzi wa Thaddée

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1995, saa sita mchana, Bwana Thaddée Rwabuhihi atarudisha ufunguo wa stoo ya Chuo cha Jamii cha Bustani Tatu, hapa Bwegera, baada ya kuutunza miaka thelathini na mitatu na miezi tisa. Ufunguo wenyewe haufungui kitu tangu mwaka 1977, kitasa kilipoliwa na kutu na mlango ukaanza kufungwa kwa kamba. Lakini Thaddée ameuvaa kiunoni kila siku ya kazi, na atakayeupokea leo ajue kwamba anapokea heshima. Mlango atafungua kwa kisu, kama sisi wote.

Direkta wetu, Mama Agathe Nyirahabimana, ameniomba niandike maneno haya kwa sababu ni mimi tu niliyebaki kati ya waliomwona Thaddée akiingia hapa na suruali yenye viraka viwili, vyote nyuma. Ameniomba pia niandike kwa adabu. Nimejaribu ukurasa wa kwanza.

Kabla ya yote, wageni wetu wajue jambo moja ambalo wanafunzi wapya hulisikia wakadhani ni utani. Huyu mzee aliyewafundisha watu mia nne na zaidi kukausha mpunga, kuupima, kuupanga na kuuuza, na aliyewafelisha wengi wao bila kupepesa jicho, yeye mwenyewe hana diploma. Jina lake lingali katika rejista ya wanafunzi, darasa la kwanza, namba nne, na mbele yake kuna neno moja la wino wa buluu: *anangoja*. Leo jioni mstari huo unapigwa wino mwekundu. Mfanyakazi wa hapa akistaafu, masomo yake ya hapa nayo yanaisha, yawe yametimia au hayakutimia. Kwa hiyo tunapokula wali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, na kupiga makofi, tukumbuke kwamba kuna mtu mmoja kwenye meza ya mbele ambaye roho yake haiko kwenye wali.

Thaddée alizaliwa nyanda za juu, katika ukoo wa wafugaji wa ng'ombe na waimbaji wa kanisa, na alishindwa kazi zote mbili. Ng'ombe walimpotea mchana kweupe. Mwalimu wa kwaya naye alimwomba, kwa upendo wa Kristo, awe anafungua mdomo tu bila kutoa sauti. Alipofika umri wa miaka ishirini akateremka bondeni, akapata kazi kwenye kituo cha kununulia pamba. Kazi yake ilikuwa kuandika majina. Aliyepima alikuwa mzungu mmoja mwenye masharubu, aliyevaa viatu virefu hata wakati wa joto. Miaka mitatu Thaddée alikaa kwenye kistuli chake akitazama ncha ya kiatu ikiingia chini ya sahani ya mizani na kuinua kidogo tu, kidogo tu, na gunia la mtu likawa jepesi kama mto wa kulalia. Aliona, akaandika, akanyamaza. Alikuwa anakula kwa kalamu ile. Mpaka leo ukimwuliza kitu gani kilimfundisha biashara ya kilimo, hasemi chuo. Anasema kiatu.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, yule mzungu aliondoka na gari lililojaa mpaka mbwa akakosa nafasi, akabaki. Watu wa Bwegera tukaingia ofisini kuchukua uhuru wetu. Mmoja alibeba kiti. Mwingine alibeba mapazia, na mke wake akayavaa kanisani Jumapili iliyofuata. Mimi nilichukua kofia ya jua, ambayo ilikuwa imeshakaliwa na panya. Thaddée alichukua mizani. Aliisukuma kwenye mkokoteni wa kuazima, chuma kile kizito, barabara nzima ya vumbi, mpaka kwa chama cha wakulima, akaishusha, akasema maneno ambayo wazee walikuwa wakiyarudia kwa kumcheka: "Hii iko yenu. Mizani haina kosa. Kosa ilikuwa mu kiatu."

Mwaka uliofuata familia tatu zilitoa bustani moja moja, ndiyo asili ya jina letu, na wakulima wakaamua kuanzisha chuo chao wenyewe. Kulima tulijua tangu zamani. Biashara ya kilimo tulikuwa tunafanyiwa tu. Tarehe 2 Oktoba 1961 milango ikafunguliwa, na kwa kuwa hakukuwa na watu wa kutosha, Thaddée aliandikwa mara mbili siku hiyohiyo: asubuhi mwanafunzi, alasiri mtunza stoo. Mimi niliandikwa mwanafunzi tu. Sikudumu.

Direkta wa kwanza, marehemu Bonaventure Habonimana, ndiye aliyetuachia mtihani ambao unatutesa mpaka leo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyeamini karatasi. "Kuuza mara moja hata mwongo anaweza," alikuwa akituambia. "Miye nionyeshe muntu aliyerudi." Basi kanuni ikawa hivi, na iko hivyo mpaka leo. Mwanafunzi anapeleka mavuno yake sokoni siku ya Ijumaa na kumwuzia mtu asiye ndugu yake. Hapo bado hajafaulu. Anafaulu siku ambayo mnunuzi huyohuyo atarudi kwa hiari yake, atamtaja kwa jina, na kupimiwa tena mbele ya mtu wa chuo. Na muuzaji haruhusiwi kumfuata mnunuzi nyumbani kwake kumbembeleza.

Mnunuzi wangu mimi alirudi, tena hakuchukua saa moja. Alirudi na kapu zima la maharagi akalimwaga juu ya kichwa changu, mbele ya direkta, kwa sababu ya mawe yaliyokuwa chini. Alinitaja kwa jina, hilo sikatai, na majina mengine zaidi. Habonimana alinihurumia, akanipa kazi ya geti.

Zamu ya Thaddée ilifika Ijumaa moja ya Aprili 1964. Alimwuzia mchele mama mmoja kutoka Lemera, mwenye kapu lenye mstari mwekundu, aliyekuwa akijiandaa na harusi ya kaka yake. Thaddée alimpimia, akarudi nyuma hatua mbili ili mama aone miguu yake iko mbali na mizani. Mama akacheka. Akauliza, "Weye jina lako nani?" Akaambiwa. Akasema, "Wageni wakisifu, nitateremka tena Ijumaa." Thaddée alitembea wiki nzima kama bwana harusi ni yeye.

Ijumaa ile aliyoahidiwa, waasi waliingia bondeni. Thaddée alikuwa amekaa kwenye banda la soko tangu alfajiri, ameoga, amefunga tai ya kuazima. Saa nne soko lilivunjika. Watu walikimbia na kuku mikononi, na yeye alibaki amekaa, peke yake kati ya makapu yaliyopinduka, akitazama njia ya Lemera. Ilibidi Habonimana amshike kola. Direkta akavuka kwenda Burundi na rejista ndani ya shati. Thaddée alikataa kuvuka. Alisema mnunuzi akija atamkosa.

Hapa ndipo inapoingia ile hadithi ya kilo, ambayo Bukavu huisimulia vibaya. Waasi walifika chuoni, wakaiona mizani, wakasema ni mashine ya kusemezana na Wabeleji. Komanda wao alitaka ivunjwe, na mwenye kuitunza aeleze anazungumza na nani. Thaddée hakubishana. Alimwomba komanda apande. Komanda akapanda na bunduki yake. Thaddée akasoma, akatikisa kichwa kwa heshima, akamwambia kwamba tangu mizani hiyo ifike bonde hili haijawahi kubeba mtu mzito namna hiyo. Wakapanda wote, mmoja mmoja, wakicheka kama watoto, na komanda akabaki wa kwanza. Mizani ikasalimika, na Thaddée pia.

Ubaya ni kwamba walizoea. Kila Jumapili walikuja kupimwa. Miezi ikapita, chakula kikapungua, vijana wale wakawa wanapukutika. Komanda naye suruali ilikuwa inashikwa kwa kamba, lakini kwenye mizani hakupungua hata kilo moja. Mimi peke yangu niliona sababu, kwa kuwa nilikuwa nimesharudi getini kutoka mbioni, na Jumapili nilisimama nyuma: Thaddée, mtu wa miguu mbali, alikuwa ameweka kidole gumba cha mguu juu ya sahani na anakanyaga. Ndiyo mara pekee katika maisha yake alipodanganya kwa mizani, na alidanganya kuongeza. Waasi walipoondoka, komanda alimpa mkono, akamwambia kwamba katika vita vyote ni mahali hapa tu alipotendewa haki.

Chuo kilifunguliwa tena mwaka 1966. Habonimana alirudi amekonda, na rejista imechukua umbo la tumbo lake. Wanafunzi tisa wa darasa la kwanza ambao wanunuzi wao walikuwa wamerudi kabla ya vita walipewa diploma zao, na haukuisha mwezi serikali ikawaajiri wote, huyu Bukavu, yule Kalemie. Thaddée alikwenda kwenye banda la soko Ijumaa ya kwanza, akakaa. Akaenda ya pili. Mwaka mzima alikwenda. Halafu akaanza kwenda na wanafunzi wake, kwa kuwa Habonimana alikuwa amempa darasa la vipimo na masoko, na ikawa hakuna aliyejua tena kama mwalimu yuko kazini au anangoja mtu wake.

Alichokifanya tangu hapo mnakiona kwa macho. Ni Thaddée aliyewazuia wakulima wa Bwegera kuuza mpunga ukiwa mbichi, kwa kuingiza mkono wake kwenye gunia la kila mtu na kutoa sura ya mtu aliyegusa chura. Ni yeye aliyeanzisha lori la kupeleka mchele Uvira na kurudi na ndagala, na kwa miaka mitatu ya kwanza alisafiri juu ya magunia mwenyewe, akirudi na harufu ambayo mke wake, marehemu Mama Sabine, aliipokea kwa ndoo ya maji mlangoni. Ni yeye aliyefundisha kwamba mchele wa juu ya kapu na mchele wa chini ya kapu uwe ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Hilo somo alilianza kila Oktoba kwa kutumia mfano wangu, na akanitaka nisimame geti wanione.

Mwaka ule serikali ilipotuamuru kuacha majina ya ubatizo na kubaki na ya kienyeji, alitii. Mchana alikuwa Citoyen, yaani Raia, Rwabuhihi. Ila Ijumaa, kwenye banda la soko, aliandika THADDÉE kwa makaa juu ya ubao, herufi kubwa kama sahani. Ofisa mmoja alimtishia kumfunga. Akamjibu, "Mnunuzi wangu anajua jina moja tu, baba. Akija akakuta lingine, nitafanyaje?" Ofisa alimwona ni mwenda wazimu, akanunua mchele, akaenda. Wiki iliyofuata akarudi kununua tena. Lakini hakuwa mnunuzi wa mtihani, hakuhesabiwa.

Mara mbili walitaka kumpa diploma ya heshima. Mara mbili alikataa, na mara ya pili alikataa kwa hasira. Alisema ameshawaambia watoto wa watu waende nyumbani mikono mitupu kwa kanuni hii, sasa yeye apite dirishani? Mama Agathe atanisamehe nikimtaja. Mwaka 1971 alikuwa mwanafunzi, mnunuzi wake akapotea wiki saba. Wiki ya nne alikuja kwa Thaddée analia, anataka aandikiwe kwamba amefeli ili aende akaolewe. Thaddée akamwambia, "Binti yangu, soma kanuni. Wapi wameandika siku? Kanuni haina haraka. Kaa." Akakaa naye kwenye banda, Ijumaa tatu nzima, wanamenya karanga. Ijumaa ya saba yule mnunuzi akatokea. Kumbe alikuwa na mguu uliovunjika. Leo Mama Agathe ni direkta, na aliolewa pia, hakuna kilichochelewa.

Sasa nifike mahali ambapo adabu yangu inaisha.

Ijumaa ile ya 1964, soko lilipovunjika, mimi nilikuwa geti. Nilikuwa nimeshafunga upande mmoja, nguo zangu ziko begani, naomba Mungu anipe miguu ya swala. Akaja mama kutoka barabara ya milimani, anatweta, amebeba kapu lenye mstari mwekundu, tupu. Watu wote walikuwa wanakimbilia upande mmoja, yeye anakuja upande mwingine. Akauliza, "Thaddée wa mchele iko wapi? Sokoni hayiko." Nikamwambia arudi kwao, vita imefika. Akasema, "Najua vita. Nauliza Thaddée." Akauliza mara tatu. Nilitaka kufunga nikimbie, naye hatoki. Nikamwambia, "Amekufa, mama." Akaweka kapu chini, akashika kichwa. Nikafunga geti.

Hayo ya siku ile ni woga, na woga una wenzake wengi. Ya baadaye ndiyo yangu peke yangu. Mwaka 1966, Habonimana alipofungua rejista na kuniuliza mbele ya Thaddée kama kuna mnunuzi yeyote niliyemwona siku ile, nilifungua mdomo. Nikawaza wale tisa waliokuwa wanafunga mabegi ya Bukavu na Kalemie. Nikawaza jioni za geti bila Thaddée, bila mtu wa kunikumbusha maharagi yangu. Nikasema sikuona mtu. Mnapompongeza leo kwa miaka thelathini na mitatu ya kutoondoka Bustani Tatu, mjue kwamba mlango wa kuondokea niliufunga mimi. Sikujua kwamba nimefunga kwa muda mrefu hivyo.

Kusema hivi hakumsaidii. Namjua. Atasema shahidi hakuandika siku ileile, na mnunuzi hakupimiwa, basi haihesabiki, na mstari mwekundu upigwe. Kwa hiyo mwezi uliopita nilichukua kanuni, nikaisoma mara tatu na miwani ya kuazima. Inamkataza muuzaji kumfuata mnunuzi nyumbani. Mlinzi wa geti haimtaji.

Nilipanda Lemera kwa magoti haya mnayoyajua, siku mbili. Niliuliza harusi ya mwaka 1964, mchele uliosifiwa. Watu walinicheka, lakini wazee walikumbuka ule mchele. Wakanipeleka kwa Mama Mukakalisa. Amezeeka, anaona vizuri kuliko mimi. Alinitazama kidogo tu, akasema, "Weye iko yule wa geti." Nikamwambia kwamba yule muntu hakufa. Aliweka bakuli la uji chini, ukapoa. Kisha akaniambia kwamba miaka yote hii hakununua tena mchele Bwegera, kwa sababu kila akiona mizani alikuwa anamwona kijana aliyerudi nyuma hatua mbili. Sikumbembeleza, naapa mbele ya chuo kizima; wala sikuthubutu. Nilipoaga, yeye mwenyewe aliuliza soko la Bwegera bado ni Ijumaa. Nikasema ndiyo, mama. Akasema sawa, akanifukuza kwake, na alikuwa na haki.

Kuhusu zawadi: chuo kinampa Thaddée kiti cha mbao cha kuegemea, kwa sababu hatujawahi kumwona ameketi ila sokoni. Atakipeleka Kasenga kwa binti yake Sabine, anayeshona nguo pale karibu na kanisa, na tunawaonya majirani kwamba ataingiza mkono kwenye magunia yao. Tunamshukuru kwa mizani, kwa kiatu, kwa kidole gumba. Mimi namwomba msamaha, na asinijibu leo. Kanuni haina haraka.

Thaddée, ndugu yangu, najua unasoma karatasi hii kabla ya hotuba, kama kawaida yako, na wali hujaugusa. Leo ni Ijumaa, na mistari hii ya mwisho nimeiongeza kwa mkono sasa hivi. Tumeitoa mizani nje, iko mlangoni, na gunia moja la mchele wa bustani ya pili, wa juu na wa chini ndugu wa baba mmoja. Inua macho. Kwenye benchi la mwisho, karibu na geti, kuna mama mzee ambaye hakualikwa na mtu. Kapu lake lina mstari mwekundu, na amekwisha kuuliza watu wawili jina lako.

Nenda ukampimie. Miguu mbali. Mama Agathe anashika rejista na kalamu ya buluu. Ukirudi mezani ukiwa umehitimu, uende Kasenga salama, ukae vizuri, uzeeke polepole, na Ijumaa moja moja utukumbuke.

Nshimirimana,
mlinzi wa geti, 1963–1990